Meza ya Wayahudi Katika Ukumbi wa Mtaa

Ukiambiwa ubomoe kaburi la mtu usiyemjua, utauliza kwanza ni la nani, au utauliza tu sululu iko wapi? Usijibu haraka. Katika mtaa wetu tuliulizwa swali hilo mwezi wa Machi mwaka huu, na karibu sisi sote tuliuliza sululu iko wapi.

Sitautaja mtaa wenyewe. Uko Nairobi, nyuma ya Buruburu, na yaliyotokea kwetu yangeweza kutokea kwenu. Tuna ukumbi wa mikutano uliojengwa miaka ya sabini, na ndani yake, upande wa kushoto ukiingia, kuna ukuta wenye urefu wa hatua kumi na nane. Nimezipima kwa miguu yangu. Ukuta huo ulichorwa na Mutunga wa Ndeti, mzee wa miaka sabini na tisa, aliyekuwa mtunzaji wa ukumbi kwa miaka ishirini na sita. Hakuchora simba. Hakuchora Mlima Kenya wala Wamaasai wakiruka. Alichora Wayahudi wakila.

Sasa umeshaanza kukunja uso, kama walivyokunja wenzangu. Mkamba wa Wamunyu na Wayahudi wapi na wapi? Tulia nikueleze, maana kabla yangu katika mtaa mzima hakuna aliyewahi kumwuliza mzee swali hilo kwa nia ya kusikia jibu.

Mutunga alizaliwa Wamunyu, Ukambani, mwaka 1946. Baba yake, Ndeti, alikuwa mchongaji wa vinyago, na alichonga twiga. Alichonga twiga yule yule kwa miaka thelathini, shingo ile ile, masikio yale yale, kwa sababu watalii walimtaka huyo. Mutunga akiwa kijana aliwahi kumwuliza kwa nini twiga wake hatoi ulimi kula majani. Baba akamjibu kwamba hakuna mzungu aliyewahi kuagiza ulimi. Mwaka 1966 kijana akaweka tezo chini, akaja Nairobi kutafuta kazi ambayo kila siku haifanani na jana.

Akapata kazi ya upishi Parklands, kwa fundi wa saa ambaye wafanyakazi wote wa barabara ile walimwita Bwana Saa. Mkewe walimwita Mama Greta. Walikuwa Wayahudi waliotoroka Ujerumani mwaka 1938, yeye na vyombo vyake vya kazi katika sanduku moja, mkewe na vinara viwili vya mishumaa vilivyofungwa ndani ya koti. Walikuwa na binti mmoja aliyezaliwa hapa.

Jiko la nyumba ile lilikuwa na sheria. Sufuria za nyama hazikukutana na sufuria za maziwa hata siku moja, wala sahani, wala vijiko. Wapishi wa jirani walimcheka Mutunga, wakasema amepata matajiri wenye sufuria ya kila kiungo cha mbuzi. Yeye alijifunza sheria hizo kwa wiki moja na hakukosea tena. Ijumaa jua likikaribia kuzama, Mama Greta aliwasha mishumaa miwili, akafunika macho kwa viganja na kuomba. Kuanzia hapo hadi Jumamosi jioni hawakuwasha moto wala taa, maana ni kazi, na Sabato haina kazi. Wala hawakumwamuru Mutunga awawashie, maana kumwamuru mtu akufanyie kazi ni kazi vilevile. Bwana Saa alisimama tu kwenye mlango wa jikoni na kusema, kama mtu anayezungumza na ukuta, "Mutunga, leo ni baridi." Mutunga akaelewa, akawasha moto. Kwa miaka kumi na tatu aliambiwa kila Jumamosi kwamba ni baridi, hata mwezi wa Februari wakati lami ilikuwa ikiyeyuka.

Kisha kuna jambo la mlango, na hili ndilo jambo lenyewe.

Wayahudi wakila Pasaka yao, huacha kiti kimoja wazi na kumimina kikombe kimoja kisichonywewa na mtu. Ni cha nabii Eliya. Chakula kikifika mahali fulani, mtoto hutumwa kufungua mlango wa mbele ili Eliya aingie, kama ndio mwaka wake wa kuja. Mutunga hakuyajua hayo. Aprili ya mwaka 1967, Pasaka yake ya kwanza katika nyumba ile, alimaliza kupeleka sahani akatoka nje kwa mlango wa jikoni, akazunguka hadi mbele ya nyumba kuvuta sigara. Ghafla mlango ukafunguliwa. Meza nzima ikamtazama. Na yeye alikuwa pale kizingitini, aproni kiunoni, sigara mdomoni, mahali pa nabii.

Sigara, akaniambia, ikadondosha jivu kizingitini. Halafu Bwana Saa akasema neno kwa lugha yao, na watu wote wakacheka. Mama Greta alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Ndipo wakamweleza. Na kuanzia mwaka uliofuata, ilipokaribia saa ile, aliombwa asimame pale pale nje. Bila sigara.

Nilimwuliza alijisikiaje.

"Meza ile niliiandaa mimi, sahani kwa sahani," akasema. "Lakini nilikuwa sijawahi kuiona. Siku hiyo ndiyo niliiona."

Wiki hiyo hiyo alichukua kipande cha boksi na rangi iliyobaki walipopaka madirisha, akachora meza kama ilivyoonekana kutoka mlangoni. Mama Greta akaikuta picha juu ya kabati la jikoni. Kesho yake alileta albamu. Akamwonyesha vijana wanne waliovaa kofia, wamesimama mbele ya duka. Walikuwa kaka zake. Mutunga akauliza wako wapi. Akamwambia waliuawa wote wakati wa vita, pamoja na mama yao, na hakuna hata mmoja mwenye kaburi. Mutunga akamwambia kwamba baba yake mdogo, Mbaluka, alichukuliwa na jeshi la Kiingereza kwenda Burma katika vita hivyo hivyo, naye hana kaburi, kuna barua tu. Wakasimama pale kati ya sufuria za nyama na sufuria za maziwa, mwajiri na mpishi. Mimi nimesoma historia miaka minne katika chuo kikuu, na hakuna mhadhiri aliyewahi kunionyesha vita vile vizuri kuliko jiko hilo.

Bwana Saa alifariki mwaka 1979. Mama Greta akaenda kuishi na bintiye Uingereza, na baada ya hapo barua zake zikaja kidogo kidogo hadi zikakoma. Mutunga akapata kazi katika ukumbi wetu: kufagia, kupanga viti, kufungua na kufunga. Jioni na siku za mapumziko alichora mabango. Vichwa vya vinyozi, chupa za soda, ng'ombe wa buchari anayetabasamu kana kwamba hajui kitakachompata. Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, karibu kila bango la zamani ni mkono wake.

Na ukuta? Aliuanza mwaka 1983 kwa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye mikebe ya mabango, na ulimchukua miaka kumi na mmoja. Ndiyo sababu koti la Bwana Saa ni jekundu la buchari, na anga la Pasaka ni la kijani kama geti la shule ya msingi. Alichora alichopata. Ukianza kushoto kuna mchinjaji wao akikagua kisu kwa ukucha wa kidole, maana kisu chenye pengo hata dogo hakifai kumchinjia mnyama. Khalif, anayeuza nyama Kiamaiko, aliletwa na mzee kuuona ukuta miaka mingi iliyopita. Akapita picha zote, akarudi kwa mchinjaji.

"Huyu jamaa ni nani?" Khalif akauliza.

"Myahudi."

"Myahudi au nani, kisu anakijua," akasema Khalif. "Wewe ndiye hukijui. Umemchorea ukucha mrefu kama wa bibi harusi."

Mutunga akaurekebisha ukucha. Huo ndio uhakiki pekee wa maana aliowahi kupata maishani. Mwaka 2014 alikuja dada mmoja wa jumba la sanaa la upande wa pili wa mji, miwani ya jua kichwani, akatembea hatua kumi na nane kwa dakika mbili, akamwuliza, "Lakini mzee, hadithi yako mwenyewe iko wapi?" Mutunga akamwonyesha fremu ya kahawia. Kila picha katika ukuta ule ina fremu ya mlango pembeni, kwa sababu kila kitu kimeonwa na mtu aliyesimama jikoni au kizingitini. Katika picha ya Jumamosi kuna mkono mweusi wenye njiti ya kiberiti. Hadithi yake! Alitaka nini, aandike jina lake kwa taa za umeme? Yule dada alisema wageni wanaonunua wanapenda kitu chenye Uafrika zaidi. Twiga, kwa kifupi. Mzee Ndeti angemfahamu mara moja.

Mwisho wa ukuta kuna ile meza. Mutunga aliwakalisha Bwana Saa, Mama Greta na binti yao, kisha akawakalisha wale kaka wanne na kofia zao. Kando ya kaka mdogo akamkalisha Mbaluka, baba yake mdogo, katika koti la jeshi. Watu wanane, na kiti cha tisa kiko wazi, na kikombe mbele yake. Wote wanane wamegeuza nyuso upande mmoja. Wanautazama mlango wa kweli wa ukumbi, ule tunaoingilia wewe na mimi, kana kwamba umefunguliwa sasa hivi.

Kwa miaka thelathini tuliingia kupitia mlango huo na hatukuwaona. Tulipigia kura mbele yao. Tulifanya matanga, harusi na mikutano ya maji. Tuliwapangia viti vya plastiki hadi kifuani, tukawabandikia matangazo ya mitungi ya gesi kwenye paji la uso. Mimi mwenyewe, Kinyanjui, niliyekulia humo, niliuona ukuta mwaka jana tu, viti vilipohamishwa kwa mkutano wa vijana. Nikaulizia aliyeuchora, nikaelekezwa Njiru, kwa binti yake Wayua ambaye ni karani, na nyuma ya nyumba yake nikamkuta mzee akichora mbuzi. Nikawa nikienda kila wiki na daftari langu. Aliniita Msomi, na hakuwa akinisifu.

Sasa sikiliza kosa langu, maana sitaki uniambie sikulitaja. Niliandika barua ya kurasa nne kwa kamati ya mtaa nikiomba ukuta uhifadhiwe. Nikaweka picha. Nikaeleza nyota ya Wayahudi yenye pembe sita aliyoichora juu ya meza, nikaeleza mama aliyefunika macho, nikaeleza herufi zilizo kwenye kikombe, ambazo Mutunga alizinakili kutoka kwenye kikombe cha kweli bila kuweza kuzisoma. Nilijiona nimefanya kazi ya kitaalamu. Nilichofanya ni kuwaambia vipofu mahali pa kupiga fimbo. Ukuta uliosalimika miaka thelathini kwa sababu hakuna aliyeuangalia, niliwafanya wauangalie.

Mwenyekiti wa kamati ni Waruguru, Mama Kui, mwenye duka la vitambaa. Si mtu mbaya. Aliisoma barua, akaogopa, akampelekea Mchungaji Sydney Irungu, ambaye kanisa lake hukodi ukumbi kila Jumapili. Mchungaji akaitisha mkutano. Watu wakajaa kama siku ya unga wa bure.

Mchungaji Sydney ana sauti nzuri, namkubalia hilo. Alipita mbele ya ukuta na fimbo ya ufagio akionyesha. Nyota: alama ya waabudu shetani. Herufi zisizosomeka: maagano ya siri. Mama aliyefunika macho: hivyo ndivyo wanavyoingizwa wanachama wapya gizani. Mikono ya watu ikaenda mdomoni. Kisha akafika mezani, akashusha sauti.

"Kiti kimeachwa wazi," akasema. "Wapendwa, tujiulize. Kimeachiwa nani?"

Ukumbi mzima ukaguna. Nikasimama nikapaza sauti kwamba kimeachiwa Eliya, nabii Eliya, yule yule wa Biblia waliyoshika mikononi, na kwamba hawa ndio Wayahudi wenyewe, ndiyo Israeli wanayoiimba kila Jumapili, na kwamba nyota hiyo hiyo iko kwenye bendera iliyobandikwa kwenye gari la mchungaji. Nilifikiri nimewamaliza. Kijana mmoja nyuma akasema, "Buda, Israeli ya mchungaji imeokoka, hiyo ingine ndio hatujui." Watu wakacheka, na kwa kicheko hicho nilikuwa nimeshindwa.

Ndipo Mchungaji Sydney akatoa huruma yake. Alisema yeye si adui wa sanaa. Kama mzee angemchora Bwana Yesu kwenye kile kiti, na kuiondoa nyota na yale maandishi, picha ingekuwa imetakaswa, ingebaki, na kanisa lingeombea mikono yake. Mama Kui akashusha pumzi. Ilikuwa njia ya kutokea. Akamgeukia mzee, aliyekuwa ameketi karibu na mlango na kofia yake magotini.

"Baba Wayua, umesikia. Ni kiti kimoja tu," akamwambia kwa upole. "Weka Yesu tumalize mambo."

Mutunga akasimama. Hakuwa na sauti ya mkutano, ikabidi watu wanyamaze.

"Yesu simkatai. Nimebatizwa kabla yenu wote hapa," akasema. "Lakini kile kiti nimekiandaa kwa mikono yangu miaka kumi na tatu, na aliyealikwa ni mwingine. Hata kwetu Wamunyu, kiti cha mgeni hakikaliwi na mtu eti kwa sababu mgeni amechelewa."

"Basi itabidi ipakwe rangi, mzee," akasema Mama Kui. Alisema akiangalia chini.

"Ipakwe," akasema Mutunga. "Nitaipaka mimi mwenyewe. Jumamosi."

Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia mzee huyo siku hiyo. Nilimfuata hadi kituoni nikimwambia mambo ambayo mtu wa umri wangu hafai kumwambia mtu wa umri wake. Nilimwambia alikuwa na meza ya watu wasio na makaburi, watu ambao wauaji wao walitaka wasibaki hata jina, na sasa yeye ndiye atakayemalizia kazi ile, kwa brashi, Jumamosi, bila hata kusukumwa. Nilimwuliza Mbaluka angesema nini. Tulipofika kibandani alinunua mishumaa, paketi nne, zile nyeupe za kawaida, akanipa nibebe.

"Za nini zote hizi?" nikamwuliza.

"Njiru stima hupotea," akasema.

Jumamosi nilikwenda. Nilitaka awe na shahidi. Kanisa lilikuwa limeleta mikebe mikubwa ya rangi nyeupe, rangi ya maji. Mhudumu mmoja alimwuliza kama anahitaji msasa wa kukwaruza ukuta kwanza, mzee akasema hapana, ukuta ni laini, utapokea. Mhudumu akaenda kunywa chai. Mimi nikaketi viti vya nyuma, mikono kifuani, kama mtoto aliyenyimwa.

Kabla ya kufungua mkebe, Mutunga alitoa mishumaa mfukoni. Akaanza kuwasugua watu wake. Alisugua uso wa Mama Greta, taratibu, kwa mduara, kama unavyompaka mtoto mafuta. Akasugua kaka mmoja baada ya mwingine. Alisugua koti la Mbaluka, kiti, kikombe, na mchinjaji hadi kwenye ukucha. Ilimchukua karibu asubuhi nzima. Nilidhani anawaaga. Nilidhani ni desturi fulani aliyoiona Parklands, ya kuwatayarisha wafu, na moyo wangu ulikuwa na hasira nyingi mno hata sikuuliza. Halafu akachukua brashi pana na kuwafunika. Mkono wa kwanza, akangoja ukauke. Mkono wa pili. Rangi ilikuwa nzito. Saa tisa alasiri ukuta ulikuwa mweupe kama shuka la hospitali.

Nikamwendea. "Mzee," nikamwambia, "wewe ni mwoga."

Alikuwa akiosha brashi. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, maana ulikuwa Machi, mvua haijaanza, na chini ya yale mabati hewa ilikuwa kama ya tanuri. Hakunitazama. Aliutazama ukuta.

"Msomi," akasema, "leo ni baridi."

Nilidhani akili imeanza kumpotea. Nikaondoka bila kumuaga. Fikiria: nilikuwa nimeandika maneno hayo hayo kwenye daftari langu, kwa mkono wangu, na maana yake, na nikayapita kama mjinga.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kanisani kutafuta ugomvi. Nilikuwa nimepanga kumkatiza mchungaji katikati ya mahubiri, na nilikuwa nimeandika la kusema. Ukumbi ulijaa, watu wamevaa vizuri, wamependeza, hawana habari kwamba kuna watu waliofunikwa kando yao. Wahudumu walikuwa wameona ukuta mweupe ni mtupu mno. Wakaleta bendera ya Israeli, kubwa, ya kitambaa kizito, upana wa watu watatu, na wakaibandika katikati ya mahali palipokuwa na meza, kwa ile selotepu pana ya kufungia mizigo, juu na pembeni, wakiikandamiza kwa viganja ishike sawasawa. Nyota yenye pembe sita, pale pale walipoifuta. Nilishika daftari langu hadi likakunjika.

Mchungaji Sydney akasoma andiko la baraka kwa wanaoibariki Israeli. Jua likapanda, mabati yakaanza kulia, joto la watu likapanda nalo. Kona ya juu ya bendera ikalegea. Niliona kwamba si selotepu iliyoachia. Selotepu ilikuwa imeshika vizuri kabisa. Rangi ndiyo iliyoachia ukuta. Ilifunuka polepole kama utando wa maziwa unapouinua kwa kijiko, kipande kirefu, na bendera kwa uzito wake ikakivuta hadi chini. Pwaa, sakafuni. Pale ilipokuwa, Mama Greta alikuwa ametokea, na kaka wawili, na nusu ya kikombe, wanang'aa kana kwamba wamepakwa mafuta.

Wahudumu wawili wakakimbia kukandamiza rangi irudi. Ikatoka mikononi mwao. Kila walipogusa ilitoka zaidi, vipande vyeupe vikaangukia viatu vyao, na nyuma ya mikono yao wakazidi kutoka watu: Bwana Saa na koti lake la buchari, binti, kaka wa tatu, wa nne, kisha Mbaluka na vifungo vyake vya jeshi. Nta ya mishumaa ilikuwa imewalinda wote. Nikaelewa ile baridi ya jana. Katika nyumba ya Bwana Saa mtu hakuamriwa. Aliambiwa tu kuna baridi, na aliyekuwa na akili aliwasha moto.

Mpiga kinanda akaondoa vidole. Watu zaidi ya mia mbili waliangalia meza ile kwa mara ya kwanza maishani mwao, na kwa kuwa wale wanane wote wanatazama upande mmoja, mmoja wetu akageuka kuona wanatazama nini, kisha mwingine, hadi ukumbi wote ukawa umegeuza shingo kuelekea mlangoni.

Mutunga alikuwa amesimama kizingitini katika suti yake ya kahawia, kofia mkononi. Hakuingia.

Hakuna aliyecheka. Mchungaji Sydney alisema kwenye kipaza sauti tuimbe, akataja wimbo, na kinanda kikaanza, lakini sauti hazikuja. Katika safu ya nne, Mama Kui alinyoosha mkono kwenye kiti kilichokuwa kando yake, akachukua mkoba wake uliokuwa umekaa hapo, akauweka sakafuni.